Ukipatikana na hatia Kenya, nini kinafuata? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu adhabu, hukumu ya kifo na rufaa

Maswali haya nimeyakusanya kwenye vibaraza vya mahakama, hasa kutoka kwa mama, wake na kaka wa watu walioko ndani. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, kila mtu anauliza kuhusu mashahidi na dhamana. Neno "hatia" likishatamkwa, familia hunyamaza na kuangua kilio kana kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Majibu yangu yanahusu Kenya, na mwishoni nimegusia majirani.

Hakimu amesema ndugu yangu ana hatia. Amefungwa miaka mingapi?

Bado hajafungwa hata siku moja kwa kosa hilo. Kiswahili chetu kinatuponza hapa, kwa sababu neno "hukumu" tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna hukumu ya kesi, yaani korti kusema mtu alitenda kosa au hakulitenda. Halafu kuna adhabu, yaani atalipaje. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi, ya dakika kumi wakati mwingine na ya wiki tatu wakati mwingine. Ripota akikimbilia kusema "amehukumiwa", muulize: amepatikana na hatia tu, au ameshapewa adhabu?

Katika nafasi hiyo hufanyika nini?

Upande wa mashtaka husema kama mtu huyo aliwahi kupatikana na hatia siku za nyuma. Ikiwa hakuna rekodi, huambiwa korti kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza. Mwathiriwa au familia yake inaweza kueleza jinsi kosa lilivyowaathiri. Korti inaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huenda hadi kijijini, akazungumza na chifu, majirani, jamaa, na mara nyingi na waliokosewa pia. Kisha mshtakiwa huulizwa kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu kutolewa.

Asubuhi moja nilikuwa benchi la nyuma katika mahakama ya hakimu huko Pwani. Kijana alikuwa amepatikana na hatia ya kuvunja duka na kuiba. Alipoulizwa kama ana la kusema, alitazama raba zake, akajibu, "Namwachia Mungu, mheshimiwa." Karani akaandika mstari mmoja, basi. Nje kwenye kibaraza mamake alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki yenye barua ya chifu, kadi ya kliniki ya mtoto wa kijana huyo na risiti za karo ya chuo cha ufundi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba bahasha ile ilihitajika ndani, dakika tano mapema.

Basi aseme nini?

Ukweli, na uwe na karatasi nyuma yake. Umri wake. Kama ni mara yake ya kwanza. Kama alikiri mapema na kuipunguzia korti kazi. Ugonjwa, pamoja na barua ya hospitali. Wanaomtegemea. Kama amerudisha alichochukua au ameomba msamaha kwa aliyemkosea. Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, ambayo nitaieleza baadaye, ilitaja mambo ya aina hii kwa kesi za mauaji: umri, kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, kukiri, tabia na rekodi, kama kitendo kilikuja kama jibu kwa dhuluma za kijinsia, majuto, na uwezekano wa mtu kubadilika.

Jambo moja la kuepuka: usisimame pale kuanza kesi upya. Ukisema "sikufanya" baada ya kupatikana na hatia, hilo ni la rufaa. Unaweza kukata rufaa na bado ukaomba upunguziwe adhabu. Maneno kama "nauheshimu uamuzi wa korti, naomba ifikirie haya" hayakufungii mlango wowote.

Adhabu ni jela tu?

La. Korti inaweza kumwachilia mtu kwa masharti au bila masharti hata baada ya kumpata na hatia. Inaweza kumweka chini ya probesheni kwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Inaweza kuagiza huduma kwa jamii, ile ya kufagia kituo cha afya au kupanda miti shuleni, pale ambapo kosa halizidi kifungo cha miaka 3 au korti inaona miaka 3 au chini yake inatosha. Kuna fidia, na kuna faini. Viboko vilifutwa mwaka 2003, ingawa kuna wazee bado huvililia.

Tumeshindwa kulipa faini. Atakaa ndani muda gani?

Sheria ina ngazi zake, na hakimu hawezi kuzidisha pale ambapo sheria ya kosa lenyewe haikusema vingine. Faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14. Hadi shilingi 2,500 ni mwezi mmoja. Hadi 15,000 ni miezi 3. Hadi 50,000 ni miezi 6. Zaidi ya hapo ni miezi 12. Ukiona mtu amepigwa faini ya shilingi 10,000 "ama mwaka mmoja ndani", uliza. Na mkipata pesa baadaye, mnaweza kulipa sehemu iliyobaki ili atoke. Siku alizokwisha kutumikia zinahesabiwa.

Alikaa rumande miaka mitatu kabla ya kufungwa. Hiyo imepotea?

Haipaswi kupotea, na hapa ndipo ninapowasihi watu wawe wakali. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka korti izingatie muda aliokaa mahabusu. Chukua mfano wa mtu aliyekamatwa Machi 2022, asipate dhamana, na akafungwa miaka 9 Machi 2025. Mfungwa mwenye nidhamu na anayefanya kazi hupunguziwa theluthi moja, kwa hiyo miaka 9 inakuwa 6. Ikihesabiwa kuanzia kukamatwa, anatoka Machi 2028. Ikihesabiwa kuanzia siku ya adhabu, anatoka Machi 2031. Miaka mitatu ya maisha ya mtu inategemea maneno "kuanzia siku ya kukamatwa".

Kuna jamaa alinijia na waranti ya kifungo ya kaka yake. Hakimu alikuwa ametamka kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba kifungo kianzie siku ya kukamatwa. Aliyeijaza waranti hakuandika. Gereza halikuwa na kosa, maana linafuata karatasi iliyoletwa na gari la wafungwa. Ilichukua miezi saba kulipata faili, kulipeleka Mahakama Kuu kwa mapitio na kupata waranti mpya. Siku hizi kila familia naiambia: kabla hamjaondoka kortini, mwombeni karani awasomee kilichoandikwa kwenye waranti.

Upunguzo huo wa theluthi hauwahusu waliofungwa maisha.

Ana makosa matatu, kila moja miaka 7. Ni miaka 21?

Inategemea neno la mwisho la hakimu. Akisema vifungo vitumikiwe kwa pamoja, ni miaka 7. Asiposema kitu, kanuni ni kwamba vinafuatana, kimoja baada ya kingine. Makosa yaliyotendwa katika tukio moja kwa kawaida hutumikiwa pamoja. Wakili aliyelala ndiye husahau kuliomba hilo.

Kuna makosa ambayo hakimu hana uhuru wa kupunguza?

Ndiyo, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ndiyo maarufu zaidi. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kwa miaka kadhaa majaji wengine walikuwa wakishuka chini ya viwango hivyo, wakisema kumfunga hakimu mikono si haki. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema viwango hivyo ni halali na korti zivifuate mpaka Bunge livibadilishe. Mjadala wa vijana wawili wenye umri unaokaribiana, mmoja miaka 17 na mwingine 19, bado unaniumiza kichwa, lakini hiyo ndiyo sheria ilivyo.

Makosa gani yana hukumu ya kifo?

Mauaji ya kukusudia, uhaini, wizi wa mabavu, na jaribio la wizi wa mabavu. Katiba ya 2010 haikuifuta adhabu hii. Ibara ya 26 inasema mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kadiri Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa inavyoruhusu.

Wengi wanaposikia "kifo" wanafikiria mauaji tu. Soma fasili ya wizi wa mabavu polepole: mtu anaiba kwa kutumia au kutishia nguvu, na ana silaha ya hatari, *au* yuko na mwenzake mmoja au zaidi, *au* anampiga au kumjeruhi mtu wakati wa tendo hilo, punde kabla yake au punde baada yake. Ni *au*, si *na*. Vijana wawili wasio na hata wembe, wakimkaba mtu kwenye matatu na kumnyang'anya simu ya shilingi 8,000, kisheria wamefika. Na kesi hiyo haiendi kwa jaji. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na wakili hupewa mmoja na serikali. Wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu, na nimewaona washtakiwa wakijitetea wenyewe, wakiwahoji mashahidi maswali mawili matatu, kisha wakisomewa kifo. Hili ndilo tundu kubwa zaidi katika sheria yetu ya adhabu, na silioni likizibwa haraka.

Lakini si Mahakama ya Juu iliondoa hukumu ya kifo?

Haikuiondoa. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji, bila kumsikiliza kuhusu hali yake. Kilichoanguka ni ule ulazima. Kabla ya hapo mshtakiwa angeweza kuwa na miaka 19 na kumuua aliyemtesa kwa miaka kumi, na mwingine akawa muuaji wa kukodiwa, wote wakapewa neno lile lile.

Baada ya uamuzi huo wafungwa kutoka Kamiti, Naivasha, Shimo la Tewa na kwingineko walimiminika kortini kuomba adhabu zao zisikilizwe upya, wakiwemo wa wizi wa mabavu na wa makosa ya ngono. Korti za chini zikawa zinapunguza. Ndipo tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba uamuzi wa Muruatetu ni wa mauaji peke yake. Anayetaka kupinga ulazima katika kosa jingine afungue kesi yake, aanzie Mahakama Kuu. Ndiyo maana binamu wawili wanaweza kuwa jela moja, mmoja kapunguziwa na mwenzake kakwama.

Na jaji akiona inafaa, bado anaweza kutoa kifo. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Milimani ilimhukumu kifo mwanamume aliyepatikana na hatia ya mauaji ya mwaka 2018 yaliyofuatiliwa na nchi nzima. Jaji alikuwa amesikiliza ombi lake la kupunguziwa na kusoma ripoti ya probesheni.

Kwa hivyo kuna watu wananyongwa?

Hakuna aliyenyongwa kisheria Kenya tangu 1987. Wa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, askari wa jeshi la anga waliopatikana na hatia ya uhaini kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Walinyongwa Kamiti.

Tangu hapo marais wamekuwa wakibadilisha vifo kuwa vifungo vya maisha kwa mkupuo. Mwai Kibaki alifanya hivyo Agosti 2009 kwa wafungwa zaidi ya 4,000. Uhuru Kenyatta, Oktoba 2016, kwa 2,747. William Ruto akawabadilishia wote waliokuwa wamehukumiwa kifo kufikia tarehe 21 Novemba 2022. Desemba 2024 Kenya ilipiga kura kwa mara ya kwanza kuunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la kusitisha unyongaji. Azimio hilo halibadilishi kitabu chetu cha sheria.

Msichukulie hilo kuwa mzaha, eti "kifo cha Kenya ni cha karatasi". Aliyehukumiwa kifo hana tarehe ya kutoka. Hana theluthi ya kupunguziwa. Kibaki mwenyewe, alipobadilisha adhabu zile, alitaja mateso ya akili ya kusubiri miaka na miaka bila kujua.

Kifungo cha maisha ni miaka mingapi?

Ni mpaka kufa. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ya Malindi, katika kesi ya Manyeso, ilisema kifungo kisicho na mwisho ni kinyume cha Katiba, ikaweka miaka 40 badala yake. Watu walishangilia. Tarehe 11 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi nyuma: kifungo cha maisha kiko palepale, na kukipa idadi ya miaka ni kazi ya Bunge. Mtu akikuambia "maisha siku hizi ni miaka 30", mwulize sheria gani.

Alikuwa na miaka 17 alipotenda. Sasa ana 20. Anaweza kuhukumiwa kifo?

Hapana. Kinachoangaliwa ni umri wake siku ya kosa, si siku ya hukumu. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au ripoti ya daktari ya kukadiria umri vina uzito kuliko hotuba yoyote. Mwanamke mjamzito pia hahukumiwi kifo. Hupewa kifungo cha maisha.

Tofauti ya mauaji na kuua bila kukusudia ni ipi?

Nia. Kwa mauaji ya kukusudia, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtu alidhamiria kuua au kuumiza vibaya, au alijua tendo lake lingeweza kuua. Ikikosekana hiyo, au kama alichokozwa ghafla akapandwa na hasira, kosa linashuka hadi kuua bila kukusudia. Hapo adhabu ya juu kabisa ni maisha, lakini hakuna kima cha chini, na nimewahi kuona mtu akipewa kifungo cha nje. Makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka yanaruhusiwa, na kesi nyingi za mauaji ya nyumbani au ya ulevini huishia hapo. Kwa makosa ya ngono hayaruhusiwi.

Tuna siku ngapi za kukata rufaa?

Siku 14. Andika ukutani. Kutoka kwa hakimu unaenda Mahakama Kuu, na kutoka Mahakama Kuu unaenda Mahakama ya Rufaa. Aliye gerezani anaweza kuandika rufaa yake na kuikabidhi kwa afisa msimamizi wa gereza aifikishe. Mkichelewa, ombeni ruhusa na mweleze sababu. Kuchelewa kupewa nakala ya mwenendo wa kesi ni sababu inayoeleweka.

Mambo mawili ambayo mawakili wa kona ya barabara hawawaambii. Kwanza, korti ya rufaa inaweza kuongeza adhabu, na mtu aliyepewa miaka 5 kwa kosa ambalo kima chake cha chini ni 15 ajiulize mara mbili kabla ya kuamsha waliolala. Pili, rufaa ya pili husikilizwa kwa hoja za sheria tu. "Adhabu ni kali mno" haihesabiwi kuwa hoja ya sheria, hivyo ni lazima uiseme vizuri kwenye rufaa ya kwanza.

Majirani zetu je?

Rwanda iliifuta hukumu ya kifo mwaka 2007, Burundi 2009. Uganda bado inayo, ila Mahakama yake ya Juu iliondoa ulazima Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, miaka karibu tisa kabla yetu, na ikasema aliyesubiri miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho bila kunyongwa abadilishiwe iwe maisha. Tanzania mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1994. Mwaka huo huo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hiyo inakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikamtengua mwaka uliofuata. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua kwamba ulazima wa kifo kwa mauaji nchini humo unakiuka haki ya kuishi. Kongo imeelekea upande mwingine: Machi 2024 serikali ilitangaza kuondoa usitishaji uliokuwa umedumu zaidi ya miaka ishirini.

Rufaa zote zimeisha. Kuna mlango mwingine?

Upo wa msamaha wa Rais, Ibara ya 133. Rais anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kufuta sehemu iliyobaki. Hafanyi peke yake, bali kwa ushauri wa kamati ambamo yumo Mwanasheria Mkuu, na kamati hiyo inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Nimeona familia zikienda kwanza kwa waliokosewa, na wazee wa pande zote mbili, kabla ya kuandika chochote. Barua ya mama wa marehemu inayosema "sisi tumesamehe" huwezi kuinunua popote.

Lazima wakili aandike ombi hilo?

Si lazima. Mfungwa mwenyewe anaweza, au jamaa yake. Andikeni kwa Kiswahili au Kiingereza jina lake kama lilivyo kwenye waranti, nambari yake ya gereza, nambari ya kesi na korti, kosa, adhabu na tarehe yake, amejifunza kazi gani ndani, na atakaa wapi akitoka. Ambatisheni vyeti. Wekeni nakala nyumbani, kwa sababu faili hupotea.